Refugio wa Madaftari Mawili

Karani asiyekutaka hakufukuzi. Anakuambia urudi kesho. Hermelinda Siu alikuwa ameambiwa hivyo siku nane za kazi mfululizo, na siku ya tisa, Alhamisi, alirudi tena, mkoba kwapani, viatu vimejaa vumbi la mji wao wa Tepehuaje, akinyata kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Orodha ilikuwa inafungwa kesho yake jioni huko Hermosillo, makao makuu ya jimbo la Sonora. Mwaka huo wa sitini serikali ya Meksiko ilikuwa imekubali, baada ya kuombwa mpaka waombaji wakaota mvi, kuwarudisha wale waliokwama Makau, pwani ya China: wake wa Wachina na watoto wao, waliofukuzwa Sonora mwaka wa thelathini na mbili. Mwenye cheti cha kuzaliwa angepandishwa ndege. Asiye nacho angebaki alipo. Cuca, dada yake Hermelinda, ambaye jina lake kamili ni María Refugio, alikuwa huko na watoto wawili, akifua shuka za hoteli, na cheti hakuwa nacho. Barua yake ya mwisho haikuwa na porojo: "Mdogo wangu, mwaka huu natimiza arobaini. Nitafutie karatasi yangu. Wakifunga orodha, mimi ndiyo basi tena."

Hermelinda akafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya, sitini toa arobaini. Akapekua daftari la vizazi la mwaka wa ishirini ukurasa kwa ukurasa, kisha la mwaka wa kumi na tisa asije akawa amekosea. Siu hata mmoja hakumwona. Mama yake, Bi Trinidad, kila alipoulizwa alijibu hakumbuki, akaenda kuchambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa.

Msajili aliitwa Anselmo Mungarro, mzee wa miaka hamsini na minane, miwani imefungwa kwa uzi, mdomo hauna breki. Ule mwaka wa kufukuzwa alikuwa katika kamati ya kuwafukuza Wachina, miongoni mwa wale waliosimama na marungu mlangoni pa duka la baba yake Hermelinda mpaka wateja wakakoma kuingia. Hermelinda alikuwa na miaka minane, na alimkumbuka vizuri mno. Sasa kila asubuhi alimwamkia kwa adabu. Afanyeje? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na madaftari ya zamani yalikuwa mikononi mwake.

"Binti Siu!" Mungarro alisema bila kuinua kichwa. "Nikutandikie kitanda kabisa, au utalala kwenu leo?"

"Shikamoo, Bwana Mungarro. Naomba tena madaftari."

"Hivi dada yako ana miaka mingapi vile?"

"Arobaini."

"Arobaini!" Alivua miwani. "Siku mliyoondoka nilimwona amekaa juu ya sanduku, anakusuka nywele. Kitoto cha miaka kumi kile. Kumi na ishirini na nane ni arobaini? Au nyie Wachina mnazaliwa wazee?"

Hermelinda alitaka kulimeza tusi hilo kama alivyomeza mengine, lakini safari hii lilimkwama. Ndiyo! Kwa baba yake, watu walizaliwa wazee. Mtoto wa Kichina hutoka tumboni akiwa na mwaka mmoja mkononi, na Mwaka Mpya wa Kichina ukiingia kila mtu anaongezewa mmoja, hata aliyezaliwa jana. Cuca alizaliwa siku ya Mtakatifu Sebastiano, tarehe ishirini Januari, siku nane kabla ya Mwaka Mpya wa baba. Mzee Siu aliirudia hadithi hiyo dukani mpaka wateja wakaijua kwa moyo: "Binti yangu huyu ana haraka! Wiki moja tu duniani, keshatimiza miaka miwili!" Na watu walicheka kila mara, kwa kuwa aliwapimia sukari vizuri.

Basi Cuca alikuwa amehesabu kama baba, na kwa hesabu ya huku alikuwa na miaka thelathini na minane. Hermelinda alijiona mjinga wa kutupwa, siku tisa kulima shamba la jirani. Akalichukua daftari la mwaka wa ishirini na mbili. Januari: hakuna. Februari: hakuna. Akashusha la ishirini na moja, akaanza kufunua kwa pupa, na hapo akaliona.

*María Refugio Siu Esquer, binti wa Joaquín Siu, mfanyabiashara, mzaliwa wa China, na Trinidad Esquer.*

Machozi yalimjaa. Alitaka kupiga kelele, na pengine angepiga, kama jicho lake lisingeteremka mstari mmoja zaidi. *Aliyezaliwa jana, tarehe kumi na tatu Februari.*

Februari ya ishirini na moja. Cuca ni wa Januari, tena ya mwaka uliofuata.

"Umepata?" Mungarro aliuliza.

"Nimepata."

"Haya. Ila aliye nje ya nchi haandikiwi nakala hivi hivi. Lazima mzazi aje aape mbele yangu kwamba mtoto yuko hai. Mlete mama kesho kabla ya saa sita. Mimi naenda kunywa kahawa. Usiibe dari."

Akatoka. Hermelinda alibaki na daftari mbele yake na wazo ambalo hakulipenda. Watu wa Tepehuaje, mtoto akifa, mara nyingi anayefuata hupewa jina lake. Aliinama haraka, akalivuta kutoka rafu ya chini daftari la vifo la mwaka ule ule, sikio lake likiwa mlangoni. Hakuhitaji kufunua mbali. Tarehe nane Machi: María Refugio Siu Esquer, umri siku ishirini na tatu, homa ya mapafu. Mwandiko ulikuwa na herufi zenye mikia mirefu. Aliujua mwandiko huo. Kwa siku nane ulikuwa umemwandikia "arudi kesho" juu ya maombi yake. Na chini palikuwa na sahihi ya karani kijana wa wakati huo: A. Mungarro.

Alilirudisha daftari viatu vya msajili vikisikika ngazini.

Mungarro aliketi. Akaangalia mkono wa gauni la Hermelinda. "Vumbi hilo ni la rafu ya chini, binti Siu," alisema. "Juu hapa, penye vizazi, nilipangusa." Hermelinda aliondoka akipangusa gauni.

Mama alikuwa jikoni anasukuma chapati za ngano, zile pana za Sonora. Hermelinda hakukaa.

"Mama. Cuca walikuwa wangapi?"

Mikono ya Bi Trinidad ilisimama.

"Wawili," alisema.

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Wa kwanza nilikimbilia kumwandikisha siku ya pili tu, kwa furaha. Nikakaa naye siku ishirini na tatu. Wa pili alipokuja nikampa jina lile lile. Baba yako alikataa, kwao jina la marehemu halivaliwi. Nikamshinda. Lakini kumwandikisha, hapana. Niliona niliyemwandika ndiye aliyechukuliwa. Nikasema huyu nitamficha, kifo kisimjue."

"Na mwaka wa thelathini na saba? Ulinirudisha mimi peke yangu kutoka Makau, ukasema Cuca mwenyewe alitaka kubaki na baba. Nimelala na maneno hayo miaka ishirini na mitatu, mama! Nilidhani dada yangu hakunipenda!"

"Alitaka kuja," mama alisema. "Alishika sketi yangu mpaka gatini. Ubalozi ulitaka karatasi, na kila karatasi walikuwa wanaandika huku kuulizia. Na huku anayejibu ni nani? Mungarro. Yeye ndiye aliyeandika kifo kwa mkono wake. Angesema huyu ni maiti, mama huyu mwongo, watufute sote, nawe ukiwemo. Nilikuwa na watoto wawili na karatasi moja safi. Nikamchukua mwenye karatasi."

Hermelinda alikasirika kiasi cha kutaka kupindua meza, na papo hapo akaona aibu, maana mwenye karatasi alikuwa yeye.

"Kesho utakuja kuapa?"

"Niape kwamba mtoto niliyemzika yuko hai? Mbele ya yule aliyemwandika?" Bi Trinidad alianza kusukuma tena, kwa nguvu, unga ukachanika. "Aliyeumwa na nyoka, Hermelinda, akiona ung'ongo hushtuka. Mungarro akikataa, wananifunga, na Cuca anapoteza hata jina."

"Asipoapiwa anapoteza kila kitu. Kesho saa sita."

Ijumaa asubuhi kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Hermelinda alizunguka nyumba, akatoka barabarani, akarudi. Saa nne na robo mama aliingia amevaa shali yake nyeusi, udongo mwekundu wa makaburini kwenye magoti.

"Nimekwenda kumwomba," alisema. "Twende kabla sijabadili mawazo."

Mungarro alikuwa anawasubiri. Mezani kulikuwa na madaftari mawili. La vizazi lilikuwa wazi. La vifo lilikuwa limefungwa, na kiwiko chake juu yake. Hermelinda aliliona. Ameshajua, aliwaza, na ametuita ili atuaibishe.

"Karibu, Mama Trini. Kaa."

"Nitasimama, Bwana Mungarro."

"Sheria inanilazimu kuuliza swali moja tu." Alisafisha koo. "Refugio Siu Esquer, aliyezaliwa tarehe kumi na tatu Februari, mwaka wa ishirini na moja. Yuko hai?"

Bi Trinidad alilitazama lile daftari lililofungwa. Pangaboi lilizunguka. Nje mchuuzi wa tikiti maji alinadi, akapita, sauti ikapotea. Hermelinda alimshika mama yake mkono.

"Yuko hai," Bi Trinidad alisema. "Anafua shuka Makau. Ana watoto wawili, na wa kike anafanana nami."

Mungarro alilinyanyua daftari la vifo. Akainuka nalo, akaenda kwenye kabati, akapiga magoti kwa tabu, mifupa ikilia, na kulisukuma kwenye rafu ya chini mpaka ukutani. Aliporudi alichukua kalamu, akaanza kunakili, taratibu, kwa zile herufi zake zenye mikia. Akatia mhuri. Haukushika wino vizuri, akautia tena.

"Basi la Hermosillo linaondoka saa sita na nusu," alimwambia Hermelinda. "Mtawahi."

Akamkabidhi mama karatasi, lakini hakuiachia papo hapo.

"Mama Trini, hata mwaka ule wa thelathini na saba mimi nilikuwa hapa hapa. Barua ya ubalozi kuhusu huyu ingekuja, ningejibu hivi hivi." Alisema kwa sauti ndogo ambayo Hermelinda hakuwahi kuisikia kwake. "Ungeniuliza tu."

Bi Trinidad alivuta karatasi mpaka ikamtoka Mungarro mkononi. Akaupuliza wino, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani.

"Ulikuwa mlangoni pangu na rungu, Anselmo," alisema. "Ningekuuliza saa ngapi?"