Tulivyotua na Qumaaluk

Ndege ilikuwa imeshagusa ardhi nilipohisi magurudumu hayashiki kitu. Tuliteleza kiubavu juu ya barafu, bawa la kushoto likakwangua lundo la theluji, kisha pua ikajikita humo na injini ikanyamaza. Ukabaki upepo.

Tulikuwa watatu: mimi, rubani Rémi, na mume wangu Qumaaluk ndani ya sanduku lililofungwa kwa mikanda nyuma ya kiti changu. Alifia hospitalini Montreal, nasi tulikuwa tukimrudisha kijijini kwetu kaskazini, azikwe. Majuma yote niliyomuuguza, sikuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha yetu ila yeye. Alipokata kauli, nami nikawa bubu.

"Mama, usiniache," Rémi alisema. Mguu wake ulikuwa umebanwa chini ya usukani, damu ikichuruzika. Njia ya kijijini ningeifuata hata nikiwa nimefumba macho. Lakini meno yake yalikuwa yakigongana. Nikaivuta ngozi ya kulungu niliyolifunikia sanduku la Qumaaluk, nikamzungushia Rémi.

"Hii si ya marehemu?"

"Ni yake. Na alizichukia ndege. Angekuwa hai, leo ungetukanwa mpaka ukome."

Akacheka, kisha akalia. Nikamshika mkono.

Putulik, mdogo wa mume wangu aliyekuja kutupokea, alitokea katikati ya theluji iliyopeperuka, juu ya pikipiki ya theluji inayoburuta sleji, mkokoteni usio na magurudumu. Akapenyeza mtaimbo chini ya usukani, tukautoa mguu. Kisha akalitazama sanduku.

"Shemeji, sleji ni ya mmoja. Kaka anasubiriwa na kijiji kizima."

"Kaka yako hana haraka tena. Mpeleke huyu."

"Na wewe je? Utaganda hapa!"

"Nenda, bwana. Unamchelewesha mgonjwa."

Rémi anachechemea hadi leo. Hunipigia simu kila majira ya baridi, na kila mara hunishukuru kwa kumwachia nafasi yangu. Nami humwacha aseme.

Kule hospitalini mimi na Qumaaluk hatukuwahi kuwa peke yetu. Kila mara alikuwepo muuguzi, au mgonjwa anayekohoa upande wa pili wa pazia. Kijijini walikuwa wakitungoja waimbaji, wazee, wapwa. Mlio wa pikipiki ulipofifia, nilihamia nyuma, nikaketi sakafuni na kuegemeza bega kwenye ubao baridi wa sanduku lake. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Putulik na wenzake walikuja kutuchukua mapema kuliko nilivyotaka.