Unga Ulioijua Bei

"Mama Kimeu, usinizungushe. Ugali wako umeshikaje?"

"Umeshika tu, mama. Nimeusonga."

"Kwani sisi wengine tunasonga nini, mawingu?" Waceke aliuelekeza mwiko kwenye sufuria ya jirani yake, mbele ya ploti nzima. "Nani amekuuzia unga bei ya serikali? Na umemlipa nini? Majina yetu?"

Syombua, huyo Mama Kimeu, akaufunika ugali wake. Thika ile ya Hali ya Hatari, kushukiwa kuwapelekea wakoloni majina ya majirani kulitosha kumfanya mtu ateke maji peke yake.

Jambo lenyewe halikuwa na siri. Tangu kibao cha bei ya serikali kipigiliwe misumari mlangoni mwa duka la Gathogo, unga wa mahindi ulionunuliwa kwa bei iliyozidi ile ya kibao ulikataa kushika. Usonge mpaka bega liteguke, unabaki maji. Na Gathogo hakuwa mtu wa kuuza kwa bei ya kibao, kwa hivyo watu walizoea. Watoto walikunywa ugali kwa vikombe, wanaume wakaenda kibaruani na ugali kwenye chupa. Kulalamika, hakuna aliyejaribu tena. Mzee Muasya alilalamika mara moja, na tangu hapo akifika dukani anaambiwa unga umekwisha, huku magunia yamemzunguka.

Syombua yeye alikuwa na bahati mbaya tu. Jana yake aliingia dukani akamkuta mkaguzi wa bei ameegemea kaunta, anakunywa chai ya Gathogo. Mkaguzi akiwa ndani, bei hushuka ikalala chini kama mbwa aliyemwona bwana wake. Akipanda baiskeli, inaamka. Lakini nani angeamini kwamba ni bahati? Siku ya mkaguzi kuja hakuna aijuaye, ila mwenye sikio ofisini.

Kabla ugali haujapoa, huyo hapo mkaguzi mwenyewe, ametoka Ruiru na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hamjambo. Gathogo anawauzia unga bei gani?"

Ploti nzima ikamgeukia Syombua. Ugali wake ulikuwa umesimama kama kichuguu. Sufuria za wenzake zilichemka maji meupe. Neno moja lake lingemkomesha Gathogo, labda. Yeye mwenyewe lingemmaliza machoni pa majirani, bila labda.

"Ya kibao, bwana."

"Ya kibao," wakaitikia wote.

Mkaguzi akachungulia sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Watu wa hapa mnapenda uji," akasema kwa upole, akashika baiskeli yake.

Syombua akampelekea mzee Muasya ugali wote. Kisha akachukua karai, akaenda kwa Gathogo mchana kweupe, akalipa alichoambiwa bila kubishana. Aliporudi akawasha moto katikati ya uwanja, pasipo na ukuta wa kumficha. Waceke akaja kusimama begani pake, mikono kifuani.

Unga ukaingia, Syombua akasonga. Maji.

"Songa tena."

Akasonga mpaka jasho likamtiririka. Maji matupu, yanacheka tu.

Waceke akashusha pumzi, na mikono yake ikashuka nayo. "Aka! Gathogo amekunyonya kama sisi, Mama Kimeu." Akausukuma mlango wake kwa kiwiko. "Ingia tule. Njoo na kikombe."