Maombi ya Marcelina wa Kidahwe

Marcelina alikuwa mjane wa hapa Kidahwe, na katika kigango chetu, kanisa dogo lisilo na padri wake, hakuna aliyempita kwa kusali. Kengele ilimkuta kanisani. Alifua vitambaa vya altare, akawafundisha watoto ishara ya msalaba, na magoti yake yalikuwa magumu kama visigino. Tungempenda bila shida, kama si sala zake za hadharani.

Jumapili, katekista Dismasi alipomaliza kuhubiri, aliwaita wenye nia waombe kwa sauti. Sisi wengine tuliomba mvua, amani, afya ya Baba Mtakatifu. Marcelina aliomba kwa majina.

"Tumwombee Pastory," alisema Jumapili moja, macho ameyafumba. "Pombe yake ya ndizi imezidi maji. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!" tuliitika, na wanaume wa benchi la nyuma waliitika kwa nguvu kuliko siku zote. Wiki ile pombe ya Pastory ilikuwa kali hata watu wazima walipotea njia ya kwao.

Dismasi alimwita akamwonya. Marcelina alishangaa kweli.

"Mwalimu, Mungu ana watu wengi. Usipomtajia jina, atajuaje unamsemea nani?"

Hakuwa akitania, na hapo ndipo alipotushinda. Mnafiki ungeweza kumbishia. Huyu alikuwa anaamini.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu, Burundi ilipoharibika, barabara ya Kasulu ilijaa watu. Walikuja na magodoro vichwani, mbuzi, na bibi zao kwenye baiskeli. Kirundi chao na Kiha chetu ni ndugu, kwa hiyo mtu akikuomba maji huwezi kujifanya hujamwelewa. Walilala kanisani na kwenye baraza za shule, na mvua ya Novemba ikawafuata humo humo.

Marcelina alimchukua mwanamke mmoja, Spesioza, na watoto wake. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na jiko. Wakilala, mmoja akitaka kugeuka, sharti wote wageuke. Lakini Bonifasi, mwenyekiti wa kigango, mnunuzi wa kahawa ya Kalinzi, alikuwa na vyumba vitatu vya bati vilivyofungwa kwa kufuli. Alikuwa akiwatunzia wanawe walioko Dar es Salaam, ambao kila mwaka walisema watakuja Krismasi.

Jumapili iliyofuata Marcelina alisimama.

"Tumwombee mtumishi wako Bonifasi, mwenye vyumba vitatu ambamo wanalala panya peke yao. Bwana, uwape panya hao moyo wa kusogea kidogo. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!" Paa lilitikisika. Wakimbizi nao waliitika, kwa nguvu zote.

Bonifasi alimngoja mlangoni, jasho linamtoka.

"Mama Marcelina, umenitukana mbele ya kanisa zima!"

"Mimi? Mimi nilikuwa naongea na Mungu. Wewe ndiye uliyekuwa unasikiliza mazungumzo ya watu."

Baraza la kigango likakutana. Likaamua kwamba kuanzia siku ile anayetaka kuomba kwa sauti amweleze kwanza Dismasi atasema nini. Marcelina akakubali kwa upole uliotutia wasiwasi. "Basi nitaomba kimya," alisema.

Jumapili akasimama. Hakusema neno. Alimgeukia Bonifasi, akamtazama kwa muda mrefu, tena kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa asiyejijua. Akashusha pumzi. Akaketi.

"Twakuomba utusikie!" kanisa zima likaitika.

Bonifasi alifungua kufuli siku hiyo hiyo, kabla hajavua hata koti. Spesioza akahamia na wanawe, na familia nyingine mbili. Mwanzoni Bonifasi alinung'unika kwa sababu ya kelele. Halafu tukamwona barazani, mtoto wa Spesioza amekaa mapajani mwake anachezea vifungo vya shati lake, na yeye anajifanya hajamwona.

Marcelina hakupumzika. Kila asubuhi alibeba uji kwenda shuleni, mvua inyeshe isinyeshe, akarudi amelowa. Kabla ya Pasaka kikohozi kikamshika. Aliletewa dawa, akanywa, akazidi kukonda. Tukajua, na yeye akajua kabla yetu.

Ndipo wageni walipoanza kumiminika. Pastory alikuja na kuku. Alisalimia, akapapasa kofia yake, mwisho akasema:

"Mama, ukifika huko, jina langu si lazima ulitaje."

"Nitalitaja tu," alisema Marcelina. "Ila nitalitaja kwa jambo gani, hiyo ni juu yako. Kuku mpeleke shuleni."

Hata Zuleha, Mwislamu wa Ujiji aliyezoea kutuletea migebuka na dagaa wa ziwani, aliweka tenga lake chini, akaingia.

"Dada, mimi si wa kanisa lenu. Lakini nasikia unapeleka majina."

"Kwani umefanya nini, mdogo wangu?"

Zuleha akatazama mlango. "Dagaa wa Alhamisi iliyopita walikuwa na mchanga kidogo."

Marcelina alicheka mpaka akakohoa, na Zuleha akamshika mgongo, akamwekea samaki wazuri bila kutaka chochote.

Bonifasi alikuja wa mwisho. Alikaa kwenye kigoda, magoti yakafika kidevuni.

"Nilikuchukia sana," alisema.

"Najua. Zamani ulikuwa unakuja kanisani Jumapili moja moja, ingawa ni mwenyekiti. Uliponichukia ukawa unakuja kila Jumapili, kuhakikisha sijakutaja."

Bonifasi akafunika uso kwa mikono. Mabega yake yalitikisika, na hatukujua kama ni kicheko au kilio.

Marcelina alikufa Jumatatu asubuhi, mikononi mwa Spesioza, dakika chache baada ya kumwambia kwamba uji haujaiva.

Siku ya mazishi malori yalikuja kuwachukua wakimbizi kwenda kambini, upande wa Kasulu. Hakuna aliyepanda. Dereva wa lori la kwanza alipiga honi, akafoka, akashuka kutafuta mkubwa wao. Akapewa koleo. Padri alipofika kwa pikipiki kutoka Kigoma alimkuta dereva amevua shati, anasawazisha udongo ukingoni mwa kaburi, na Spesioza analia kwa Kirundi kilio ambacho sote tulikielewa. Jioni malori yakaondoka nao.

Jumapili iliyofuata Dismasi aliita wenye nia. Mmoja akaomba mvua. Mmoja akamwombea Baba Mtakatifu. Tukangoja. Hakuna aliyesimama. Ibada ikaisha mapema ajabu, tukajikuta nje tumesimama jua likiwa bado changa, kila mtu anarekebisha nguo ambayo haikuwa na kasoro.

"Mke wangu bado anapika kwa sufuria kubwa," alisema Bonifasi. "Ameshindwa kuzoea. Njooni mle."

Tukaenda. Ugali ulikuwa mwingi kweli kweli. Tukaketi barazani kwake, tukamsengenya marehemu mpaka alasiri.