Kelele Chini ya Mashua ya Mburu

Saa nne asubuhi, Jumanne moja ya Agosti 1973, fundi wa injini Jaswant Singh alivua koti katikati ya Ziwa Naivasha, akafungua mashine ya kutafuta samaki ya Mburu. Lilikuwa sanduku lenye sindano iliyochora kwenye karatasi kila kilichokuwa chini ya mashua. Kwa wiki mbili ilikuwa imechora vumbi jeusi tu.

"Ni kama mtu amemwagia hii kitu pilipili," Mburu alisema.

Nyuma yao Akeyo, aliyefanya kazi kwa Mburu, alichota kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo maji yaliyovujia ndani ya mashua, akayamwaga ziwani.

Jaswant alizima injini, na nusu ya vumbi ikapotea. Halafu akakuta waya wa mashine umefungwa pamoja na nyaya za injini kwa tepu nyeusi, safi kabisa. Aliyezifunga ni yeye mwenyewe, maana hakupenda nyaya zinazoning'inia. Alipozitenganisha, karatasi ikawa nyeupe, na kwenye kina cha futi ishirini na nane sindano ikamchora Owuor, mume wa Akeyo, ameketi.

"Amekonda," Mburu alisema.

"Hapana. Ndivyo alikuwa," Akeyo alijibu.

Owuor alizama miaka miwili kabla ya hapo. Mashua hii ilipatikana ikielea tupu, mwili haukuonekana, na Akeyo akazika tunda la yago, yaani mwegea, badala yake, kama Wajaluo wafanyavyo kwa aliyepotelea majini. Jaswant aliulizwa mbele ya watu kuhusu injini, akasema ni nzima. Basi ikabidi isemwe Owuor alikuwa amelewa. Kanisa lake la Kisabato lilifuta jina lake kwenye kitabu, ingawa pombe hakuwahi kuionja, na hakuna mzee wa kanisa aliyekubali kuomba kwenye lile kaburi.

Ukweli ni kwamba Jaswant alikuwa ameweka kwenye pampu ya petroli mpira wa mviringo aliokata kutoka tyubu ya trekta na kuutoboa matundu kwa mkono, akamwambia Mburu umetoka Nairobi. Mpira wa namna hiyo hufura kwenye petroli, na injini huzima, mashua ikabaki mikononi mwa mawimbi. Mashua ilipovutwa ufukoni, aliutoa kabla mtu hajaangalia, akautupa ziwani.

Kwenye karatasi, Owuor aliinua mkono. Alishika kitu cha mviringo chenye matundu matatu.

"Ameshika nini, fundi?" Akeyo aliuliza.

Jaswant aliyajua matundu yale. La tatu lilikuwa limeenda upande. Aibu ilimpanda shingoni hadi chini ya kilemba, akatamani ziwa limmeze na yeye.

"Nafikiri ni kifungo, mama."

"Shati yake ilikuwa na vifungo za matundu manne. Ni mimi nilikuwa nazishona."

"Bwana Singh," Mburu alisema, "mimi nataka samaki. Huwezi mtoa hapo?"

Jaswant alipunguza nguvu ya mashine. Owuor akafifia, mkono ukiwa wa mwisho, na juu yake wakaonekana samaki wengi, ngege. Mburu akafurahi.

Akeyo aliomba ile karatasi. Wazee wakimwona amekaa wima hivyo, alisema, watajua hakulewa. Jaswant aliikata kwa uangalifu, kama alivyokata kila kitu, na kile kipande cha mkono akakiweka mfukoni.

"Hii nabaki nayo, mama. Nitaangalia vizuri ni nini."

"Asante, fundi. Mungu akubariki."

Sabato iliyofuata wazee waliitazama karatasi, wakasema hata mlevi akishazama hukaa wima. Wakauliza mkono uko wapi.

"Uko kwa fundi," Akeyo alisema. "Huyo ni mtu wa ukweli, atatuambia."

Jina halikurudishwa. Kila mwisho wa mwezi Akeyo hupanda basi hadi duka la Jaswant Nakuru kuuliza. Jaswant humpa kiti na chai ya maziwa, kisha humwambia bado anaangalia.