Asilimia Mia ya Kugeuzwa

Chati ya kitanda cha tatu ilionyesha kwamba mgonjwa amegeuzwa saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Hakuna aliyeshangaa. Katika wodi ile ya wagonjwa mahututi, tiki za siku nzima zilijazwa mara tu zamu ilipopokewa, maana baadaye hakuna aliyekuwa na mkono wa kushikia kalamu. Mgonjwa wa mashine ya kupumulia hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na hugeuzwa na watu wawili: mmoja analinda mpira ulio kooni, mwingine anavuta shuka. Chati hujazwa na mtu mmoja, tena amekaa.

Zamani zamu ilikuwa na wauguzi sita kwa wagonjwa sita. Kamati ya Ubora ilipita, ikakuta chati zimejazwa asilimia mia, ikapongeza, ikamhamisha mmoja. Watano nao wakafikisha asilimia mia. Wanne vilevile. Sasa walibaki watatu, na pongezi ziliendelea kuja.

Muuguzi wa kitanda cha nne, ambaye wenzake walimwita Rula, aliona alama nyekundu chini ya mgongo wa mgonjwa wake, fundi mwashi wa kilo tisini na mbili. Aliibonyeza kwa kidole, haikufifia. Ngozi ya namna hiyo haijachanika, lakini haikawii. Kutwa nzima alipata msaidizi mara moja tu. Akamgeuza fundi mara moja, akaweka tiki moja.

"We Rula, umerogwa?" mwenzake akamuuliza jioni. "Chati ina mapengo kama kinywa cha bibi yangu!"

"Nimegeuza mara moja."

"Nani kakuuliza umegeuza mara ngapi? Jaza!"

"Saa nane ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa namfyonza makohozi wa kitanda cha sita? Na mwenzetu kampeleka mtu kupiga picha."

"Basi saa nane hakugeuzwa."

"Haya. Utatuponza, dada."

Asubuhi metroni alimwita ofisini, akamsogezea Fomu ya Huduma Iliyokosekana. Sababu za kuchagua zilikuwa tatu: hajui, amesahau, amepuuza.

"Hapakuwa na mtu, metroni."

"Hiyo haimo."

"Niiandike pembeni?"

"Pembeni kompyuta haisomi, mwanangu. Chukua 'hajui'. 'Amepuuza' inakuja na barua ya onyo."

Rula, mwenye miaka kumi na tisa kazini, akachagua "hajui". Kwa hiyo akapelekwa semina ya siku tatu, Umuhimu wa Kumgeuza Mgonjwa, katika ukumbi unaotazamana na wodi. Wodini wakabaki wawili.

Ukumbini walikuwa wauguzi kumi na wawili kutoka wodi mbalimbali, wote wakiwa na kosa moja: kuacha kisanduku kitupu. Walipewa sanamu la plastiki. Kufikia saa ya chai lilikuwa limegeuzwa mara ishirini na tatu, na ngozi yake haikuwa na dosari hata moja.

Rula akaweka kikombe chini. "Nani anataka kufanya mazoezi kwa binadamu?"

"Ana uzito?" akauliza jirani yake.

"Tisini na mbili."

"Afadhali. Huyu wa plastiki ananidhalilisha."

Watano wakamfuata wodini. Walinawa mikono, wakashika shuka, wakamgeuza fundi kwa dakika nne. Alama ilikuwa imechanika, upana wa kifuniko cha soda. Rula aliisafisha, akaifunika, akaandika vipimo vyake kwenye chati pamoja na saa halisi: nne na dakika ishirini. Kisha wakawageuza wale wagonjwa watano waliobaki, mmoja baada ya mwingine. Wale wawili wa zamu waliwatazama kama watu wanaotazama mvua.

Mke wa fundi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Kwa siku nne alikuwa akija na kumkuta mumewe katazama dari. Aliwahesabu kwa macho.

"Kumbe mko wengi hivi!"

"Tuko wengi, mama," Rula akajibu. "Ila tuko semina."

"Na baadaye? Atageuzwa na nani?"

Rula akatazama ratiba ya semina. "Saa saba tuna mapumziko ya chakula. Zitakuwa zimepita karibu saa tatu badala ya mbili. Lakini tutakuja."