Bendera za Daktari Asiyeanza Shule

Mkwe wangu Kamini alisimika bendera kabla mtoto hajakubali safari. Kwetu Richmond Hill, mtaa wa Wahindu tuliotoka Guyana, bendera za sala zikishasimama uani juu ya mianzi yake, majirani huuliza mmeomba nini. Kamini hakungoja kuulizwa. Alipita mlango kwa mlango: Reshma anakwenda kisiwani, huko Karibi, kusomea udaktari.

Reshma, mjukuu wangu, alikuwa hajajibu. Vyuo vya huku New York vilikuwa vimemkataa. Cha kisiwani kilimkubali upesi kuliko duka la roti linavyokubali oda, kikataka jibu kabla ya Jumatatu.

Mimi nilitoka Berbice, kule Guyana, na sanduku moja ili wanangu wawe watu Marekani. Sasa mjukuu arudishwe Karibi ili awe mtu Marekani! Nikanyamaza. Mtu wa darasa la nne akisema mapema huambiwa hajui.

Siku ya sala nyumba ilijaa. Pandit, kuhani wetu, hajamaliza kukusanya vyombo vyake, shangazi Parbattie keshavua soksi.

"Dokta, hebu nitazamie kidole hiki."

"Shangazi, hata shule sijaanza."

"Ndiyo maana nimewahi. Ukishafuzu utaanza maringo."

Mjomba Harry akadakia, mdomo umejaa mchuzi wa maboga. "Wala usiogope, mtoto. Kisiwani kila mtu anafuzu. Mtoto wa Ramdeen kafuzu, wa Persaud kafuzu..."

"Na wasiofuzu, mjomba?"

"Hao siwajui."

"Huwajui kwa kuwa hawapo, au kwa kuwa hawasemwi?"

"Mwoneni! Anabisha kama daktari tayari!"

Watu wakacheka. Kamini akafungua kitabu cha chuo, picha zote bahari. "Tazama maji haya, mwanangu."

"Mama, nakwenda kusoma au kuogelea?"

Aliyekuwa akigawa wali kwenye majani, sahani zetu za siku ya sala, ni Devindra, kijana wa jirani. Alisoma kisiwani hukohuko. Siku hizi anauza bima za magari, lakini mtaa mzima bado unamwita Dokta Dev. Mama yake hakutangaza vingine, na sisi kwa adabu hatukuuliza.

"Dokta Dev," Reshma akamwita, "kule ilikuwaje?"

Dev akaweka ndoo ya wali chini.

"Niite Dev. Miaka yote hii nangoja mtu aniulize hilo, nyie mnaniuliza maumivu ya magoti yenu." Akajifuta mikono. "Tulianza ukumbi umejaa. Kila muhula viti vinapungua. Mtihani mkubwa wa Marekani hufanyi mpaka ushinde wa kwao, kwa hiyo wanaoufanya wanafaulu, na kitabu kinang'aa. Mimi nilifika mwisho. Hospitali za huku hazikuniita kwenye mafunzo ya mwisho, na bila hayo hupati leseni. Niliyekaa naye chumba kimoja aliitwa, leo anatibu watoto, tena vizuri. Sikwambii usiende. Waulize tu: kati ya walioanza, wangapi walipata hospitali?"

Reshma akapiga simu palepale, sauti ikatoka kwa wote. Yule wa chuo alikuwa mtamu kama asali.

"Karibu wote waliomaliza na kuomba, dada yangu."

"Nauliza walioanza."

"Umeona picha za bweni letu jipya?"

"Walioanza, kaka."

"Kuna na ufuo."

Reshma akamshukuru, akakata. "Mama, siendi. Nitatafuta kazi maabara, kisha niombe tena hapahapa."

Kamini akashika kichwa. "Na bendera nimeshasimika! Aji, mwambie mjukuu wako!"

Aji ni mimi, bibi yao; zamu yangu ikawa imefika. "Bendera ni ombi, Kamini. Si cheti. Aliyeombwa hakupewa tarehe."

"Watu watasema nini?"

"Watu si hawa hapa? Wanakula."

Kamini akainua ile ndoo ya wali, akamtandikia Dev jani, akampakulia mwenyewe. "Kaa ule, Dev mwanangu." Hakusema Dokta. Mama yake Dev akainamia jani lake, akalia kidogo, kisha akaomba achari.

Shangazi Parbattie mguu ulikuwa bado uchi. "Haya, haendi. Kidole changu je?"

"Nenda hospitali, shangazi," Dev akasema.

"Nikapewe kijana aliyesomea kisiwani?"

"Ukimpata huyo una bahati. Ndiye aliyebaki kitini hadi hospitali ikamwita."