Mtoto Aliyeitwa kwa Kikombe

Kijiko kiligonga kikombe cha bati gizani. Tang. Kimya kidogo, halafu tena, tang. Mwanangu akateleza kutoka kitandani kwangu, nikasikia nyayo zake kwenye simiti, akaenda chumba cha pili kwa nyanyake, ambako maziwa ya moto yalikuwa yakimngoja.

Hivyo ndivyo Akko alivyomwita mtoto wangu kila alfajiri akishaswali. Kwa kikombe. Sisi sote tunamwita Akko, maana kwa Kiborana ni nyanya, ingawa kwangu ni mama mkwe. Mchana alimwita mtoto "wewe mdogo" au "macho yangu", au akapiga makofi kama anayefukuza kuku. Jina lake hakulitamka hata mara moja tangu azaliwe, na sasa mtoto alikuwa anaingia darasa la kwanza.

Jina lenyewe sikulichagua mimi. Mimi nilitaka Hanan. Ni baba mkwe wangu aliyeagiza, akiwa kitandani kifua kimemlemea, kwamba mtoto aitwe Talaso. (Jina lake mzee silitaji hapa. Siku ya harusi nilifundishwa kwamba kwao mke hataji jina la mzazi wa mumewe, na mimi Msomali nilikubali, nikaona ni adabu nzuri tu.) Mume wangu Dahir alimuuliza, "Baba, kwa nini Talaso? Hilo ni jina la akina nyanya wa Merti." Mzee akageukia ukuta. Wiki haikuisha tukamzika, na nikasema basi, neno la marehemu halipingwi.

Lakini Akko hakulitia mdomoni. Nikawaza, ni kwa sababu nilizaliwa Hoda wa Wasomali wa mjini, si binti wa Kiborana. Anampenda mtoto, ndiyo, ila kuna kitu amekataa kukimeza.

"Huyo nyanya yenu hata mbuzi wake wana majina," aliniambia jirani yangu Nakal, Mturkana mwenye mdomo usio na mlango. "Mpe mtoto jina la mbuzi, utaona ataitwa."

Nilicheka. Halafu niliingia jikoni nikakata vitunguu, ili machozi yapate sababu.

Mimi na Nakal tulikuwa tunasoma pamoja masomo ya jioni, hapa hapa mtaani kwetu Wabera, mjini Isiolo, kwenye darasa la shule ya msingi ambalo madawati yake yanatubana magoti. Mwalimu wetu wa historia alikuwa Mwalimu Jillo. Muhula ule aliingia na vijitabu vipya. Serikali ilikuwa imeunda tume, alisema, ya kusaidia shule zifundishe habari za mauaji ya halaiki: yale ya Wayahudi kule Ulaya, yale ya Rwanda, na yale yaliyotokea nyumbani kwetu ambayo watu huyasema wakiwa wamefunga mlango.

Tulisoma sura ya Wayahudi. Tukasoma jinsi majirani walivyotolewa nyumbani mwao na kupakiwa kwenye magari ya moshi, na jinsi wengine walivyonyang'anywa majina wakachorwa namba mkononi. Kulikuwa na picha ya ukuta uliochongwa majina ya waliouawa, madogo madogo, kutoka juu hadi chini, mpaka macho yanachoka.

"Majina yote haya ya nini?" Nakal aliuliza. "Si wangeandika tu kwamba ni wengi?"

Mwalimu Jillo alifuta chaki mkononi taratibu. "Wengi hana mama, Nakal. Wengi hakuzaliwa na mtu."

Nakal akafungua tena ukurasa wa ule ukuta.

Sura ya mwisho ya kijitabu ilikuwa kurasa tupu. Tume ilikuwa inazunguka nchi kuzijaza, na ingefika Isiolo kabla ya mwezi kuisha. Utaratibu wao ulikuwa mmoja: jina la marehemu litaingia kitabuni likitajwa kwa mdomo na mtu wa jamaa yake, mbele ya tume, likinaswa na mashine. Lisipotajwa, wataandika "mzee mmoja" au "mtoto mmoja".

Nilirudi nyumbani nikimfikiria Akko. Sote tulijua kuna jambo analo, na hakuna aliyewahi kulifungua. Mtoto yeyote akikohoa karibu naye, mkono wake hukimbilia kumziba mdomo, halafu huutazama mkono huo kana kwamba si wake.

Kesho yake nilimkuta uani akifukiza vibuyu vya maziwa kwa kaa la moto. Nikakaa chini kando yake, nikamweleza habari za ule ukuta.

"Na hayo majina," aliuliza bila kuniangalia, "nani aliwasomea wachongaji?"

"Waliobaki, Akko."

Alitikisa kibuyu, moshi ukamzunguka uso. "Basi mimi ndiye niliyebaki," akasema.

Akanieleza. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, mara tu baada ya uhuru, watu na mifugo wakizuiwa kusogea, na yeye alikuwa bibi arusi ambaye hata mvua moja haijamkuta kwa mumewe. Familia ilikuwa imebomoa nyumba ihame, huko mbele ya Biliqo, mikeka na ngozi zimerundikwa chini zikingoja ngamia. Mumewe alikuwa mbali, ameenda kuwaleta hao ngamia. Wakaja watu wenye bunduki. Hakusema ni akina nani. Alisema tu "wale". Wanaume wakatengwa upande mmoja. Mama mkwe wake akamsukuma yeye chini ya lile rundo, akaketi juu yake, akatandaza nguo zake, akasema neno moja: usikohoe.

"Vumbi la ngozi lilikuwa kooni," Akko alisema. "Nilisikia kila kitu. Uzito wake ulikuwa juu yangu. Halafu ukawa uzito wa namna nyingine."

Kaa la moto lilikuwa limezimika. Sikujua nishike nini, nikashika kibuyu.

"Aliitwa nani, Akko?"

Akaweka kiganja mdomoni.

"Akko, ndiyo, najua mkwe hataji. Lakini hata kwa hili?"

"Hasa kwa hili. Alikufa akinifunika. Leo nimvunjie heshima mbele ya watu wa serikali?"

"Wataandika mwanamke mmoja tu."

Alichukua kaa jingine.

Nilimpigia Dahir, aliyekuwa njiani na lori kuelekea Moyale. Majina ya wanaume waliouawa siku ile aliyajua yote. Kwao mtoto hubeba jina la baba na la baba wa baba, na kabla hajajua kufunga viatu ameshafundishwa kuhesabu mababu. "Lakini mama ya baba yangu?" akasema. Nilisikia injini ikinguruma. "Wallahi, Hoda, huyo sijawahi kusikia. Baba hakuwa anaongea mambo ya wakati ule. Muulize Akko."

"Akko hawezi kumtaja."

"Ah." Akapiga honi. "Basi Baba ameenda nalo hilo jina."

Sikukubali. Nilipiga simu Biliqo, nikaongea na wazee waliokuwa vijana enzi hizo. Mmoja alinitajia babu kumi wa ukoo huo bila kuvuta pumzi, lakini nilipouliza mke, akasema, "Huyo alikuwa mama Huqa, mzaliwa wa upande wa mpakani. Watu wa kwao walivuka mpaka mwaka huo huo, hawakurudi." Huqa lilikuwa jina la mtoto wake wa kwanza, naye alikufa siku ile ile. Kwa hiyo hata jina alilokopeshwa lilikuwa la mtu mwingine.

Siku ya tume ukumbi ulijaa. Afisa aliyetumwa aliitwa Mugendi, Mmeru mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri, na mashine ya kunasa sauti ilikuwa mezani mbele yake. Mwalimu Jillo ndiye aliyekuwa mkalimani. Akko alikuwa amefunga kikombe cha bati na chupa ya maziwa ndani ya leso, maana mtoto hakunywa asubuhi ile, tulitoka mapema. Talaso alikuwa nje barazani, akicheza bano kwa vijiwe na watoto wengine.

"Salaam aleikum, mama," Mugendi alisema. "Tunakushukuru kuja. Sema pole pole. Ukichoka, tunapumzika."

Akko alisema yote. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alipofika pale pa uzito, Mwalimu Jillo aliacha kutafsiri, akanywa maji, akaanza tena. Kisha nikatoa simu yangu, tukachezesha sauti ya Dahir aliyoinasa njiani, akitaja wanaume wa ukoo mmoja mmoja, na nyuma yake honi za malori. Mugendi akaikubali sauti hiyo, akaandika kila jina.

"Na mama aliyekufunika," akauliza, "yeye aliitwa nani?"

Akko aliangalia meza.

"Mama?"

"Hawezi kumtaja," Mwalimu Jillo alisema kwa Kiswahili. "Ni mama mkwe wake. Kwetu ni mwiko."

"Kuna mtu mwingine wa jamaa anayelijua?"

Watu wakanigeukia. Nilitikisa kichwa, na aibu ikanishika, kana kwamba mimi ndiye niliyempoteza.

Mugendi alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Basi tutaandika 'mwanamke mmoja'. Samahani sana, mama."

Kiswahili cha Akko ni cha sokoni, lakini neno hilo alilielewa. "Mmoja?" akasema. Akarudia kwa Kiborana, na Mwalimu Jillo akatafsiri kwa sauti ndogo: "Anasema hakuwa mmoja. Anasema alikuwa ni yeye."

Akko akafungua leso yake, akatoa kile kikombe, akatoa kijiko. Nilidhani amechoka, anataka kunywa. Akakigonga.

Tang.

Kwenye ule ukumbi wenye bati juu, sauti ilifika mbali kuliko nyumbani. Akagonga tena. Mlangoni wakasikika watoto wakisukumana, na mwanangu akaja mbio kati ya viti, vumbi magotini, kijiwe cha bano bado mkononi, kama anavyokuja kila alfajiri. Akko akamshika bega, akamsimamisha mbele ya meza ya tume. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Mwambie amuulize huyu," akamwambia Mwalimu Jillo.

"Nimuulize nini mtoto?" Mugendi alisema.

Mwalimu Jillo alimtazama Akko. Akanitazama mimi. Kisha, polepole, akavua kofia yake. "Hoda," aliniuliza, "huyu mtoto alipewa jina na nani?"

"Na babu yake," nikasema. "Alipokuwa anakufa."

"Na huyo babu ni mtoto wa yule mama."

"Ndiyo, mtoto wa..."

Mwalimu akamgeukia Mugendi. "Kwetu, mkwe akikatazwa jina, amekatazwa kulitamka popote lilipo. Hata likibebwa na mtoto mchanga wa nyumbani kwake, hawezi kumwita kwa jina."

Nilishika mgongo wa kiti cha mbele yangu. Alfajiri zote zile. Na mimi nimelala gizani nikisikia kikombe, nikihesabu dharau.

Akko aliniangalia moja kwa moja. Macho yake yalikuwa mekundu kama siku ya vibuyu, ila leo hapakuwa na moshi. "Ulidhani simpendi," alisema.

"Ndiyo, Akko," nikasema.

"Sikumaliza hata msimu mmoja kumchemshia maziwa yule," akasema. "Ndiyo maana huyu namchemshia."

Nyuma yangu Nakal alikuwa akilia waziwazi, kwa kelele, kama anavyofanya kila kitu. Mugendi alisogeza mashine hadi ukingoni mwa meza, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Kalamu yake ilikuwa imeshatulia kwenye mstari mtupu.

"Binti," akasema, "hebu sema kwa sauti, tukusikie wote. Unaitwa nani?"

Mwanangu alinitazama kuona kama inaruhusiwa. Niliitikia kwa kichwa. Akamtazama nyanyake, na Akko akafumba macho, kiganja bado kichwani kwake, kama mtu anayengoja kuitiwa mgeni mlangoni.

"Mimi naitwa Talaso."